Nilimhesabu Asiyeingia

Ripoti ya mradi wetu ina sentensi moja ya uongo, na mwandishi wake ni mimi. Inasema kwamba watoto wote waliofika siku ile walishiriki kikamilifu somo la msituni. Si kweli. Msichana mmoja wa darasa la nne, anayetumia kiti cha magurudumu, alibaki kambini tangu asubuhi mpaka wenzake waliporudi, akipaka rangi picha ya kipepeo niliyompa mimi mwenyewe ili asichoke na kusubiri. Nilipokuwa nikiandika nililijua hilo vizuri. Nilimhesabu kwa kuwa alipanda basi, akanywa chai, jina lake likawa kwenye orodha. Halafu picha yake, akitabasamu na penseli mkononi, nikaiweka kwenye jalada.

Hakuna aliyenishika. Wafadhili waliisifu ripoti, hasa lile jalada, na fedha za mwaka uliofuata zikaja bila maswali. Ningeweza kunyamaza hadi leo.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwapeleka watoto wa vijiji vya Kilifi kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, chini ya kikundi kidogo cha kujitolea. Msitu huo, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani, katika ukanda ambao zamani ulianzia kusini mwa Somalia ukafika Msumbiji. Ndani yake mna ndovu. Mna bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hadi miaka ya 1960 sayansi haikuwa imempa jina. Mna sange mwenye nyonga za rangi ya dhahabu, mnyama wa kimo cha sungura mdogo na pua ndefu inayochezacheza, ambaye haonekani popote duniani ila pwani ya Kenya. Wazungu huvuka bahari na darubini shingoni kuja kuwatazama hao. Na mtoto aliyezaliwa Mijomboni au Kakuyuni, anayesikia hondohondo wakilia kila asubuhi, anaweza kumaliza shule bila kuukanyaga msitu huo, kwa kuwa anachokijua ni ua wa umeme unaozuia ndovu wasiingie shambani, na onyo la mama kwamba huko haendi mtu peke yake.

Jambo hilo liliniudhi, na nadhani bado ni haki liniudhi. Kosa langu lilianzia kwenye dawa niliyoitafuta. Mimi nimekulia nyumba isiyo na nauli. Kwa hiyo vikwazo nilivyovitambua ni vile vilivyonizuia mimi nilipokuwa mtoto: nauli, kiingilio, viatu, na chakula cha mchana. Nilipopata fedha za kuviondoa hivyo vinne nikaona nimeufungua msitu kwa jamii nzima. Maneno yenyewe, "jamii nzima", niliyaandika kwenye bango tulilolitundika kambini.

Asubuhi ile mwalimu wa darasa alinivuta pembeni akaniambia kuna mtoto mmoja zaidi. Bibi yake alikuwa amemleta shuleni kwa bodaboda, kiti kimefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Nilisema karibu, karibu sana, huku moyoni nimeshakata shauri. Njia niliyokuwa nimeichagua ilipita kwenye mirihi, na anayeijua Arabuko anajua mirihi humea juu ya nini. Msitu ule kwa kweli ni misitu mitatu iliyolala ubavu kwa ubavu, na kinachoitenga ni udongo. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu ya Malindi, udongo ni wa kijivu na miti ya kila aina imechanganyika. Katikati kuna mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo ndipo mirihi imetawala, miti mirefu iliyoachana, jua linapenya hadi chini, pazuri mno kwa picha. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu na miti imesongamana kiasi kwamba ukiacha njia hatua chache huonekani. Nilichagua mchanga mweupe kwa sababu ya uzuri wake.

Nilikisukuma kile kiti hatua chache. Magurudumu madogo ya mbele yakazama. Hapa ndipo penye aibu yangu hasa, kuliko hata kwenye ripoti: yalipozama, nilifarijika. Nilikuwa nimepata sababu ambayo hakuna mtu angeipinga. Sikujaribu kumrudisha nyuma ili magurudumu makubwa yatangulie, sikuuliza kama kuna njia nyingine, sikumuuliza mwongoza wageni aliyekuwa nami, mtu aliyeijua kila njia ya gari msituni. Niliinama nikamwambia msichana, kwa ile sauti tamu tunayoitumia tunapokuwa tumeshaamua, kwamba angepumzika kambini na tungemletea majani na maganda ya mbegu.

Akasema, "Sijachoka, mwalimu."

Nikampa picha na penseli za rangi.

Sisi tuliokwenda tulitembea kilomita kadhaa. Nilisema mengi. Watoto walipiga kelele kama inavyostahili watoto walioachiwa, na tulichokiona cha haja kilikuwa kinyesi cha ndovu na mgongo wa sange uliopotea kwa kishindo cha majani makavu. Nilirudi nimeridhika. Msichana alikuwa amemaliza kupaka rangi, akaniuliza kama tumeona ndege. Nikamwambia wengi.

Wiki kadhaa baadaye nilikutana na bibi yake Gede, mahali wanapopeleka pupa wafugaji wa vipepeo. Wasiojua mradi wa Kipepeo wafahamu kwamba ulianza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi kwenye vizimba vya neti, huwalisha majani ya miti inayowafaa, na wakishageuka pupa huuzwa nje kwa maonyesho ya vipepeo. Ulianzishwa ili anayeishi kando ya msitu apate kitu kutokana na msitu uliosimama. Yule bibi alikuwa mmoja wa wafugaji hao. Alinisalimia salamu zote, za nyumbani, za kazi, za mvua. Kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Mwalimu, mjukuu wangu siku ile alirudi amelowa. Alikunywa chai yenu asubuhi, akajizuia, akashindwa. Kile choo chenu kina ngazi."

Choo kile nilikijengesha mimi. Nilikiinua kwa ngazi tatu ili maji ya masika yasiingie, na mlango nikauweka mwembamba ili kuokoa mbao. Mtoto alikaa karibu nacho mchana kutwa, akikitazama, na watu wazima waliobaki naye, wapishi wawili na dereva, hakuna niliyemwachia agizo. Hakuomba msaada kwa sababu wote walikuwa wageni kwake, na mmoja alikuwa mwanamume. Ukiwa na miaka kumi hilo linatosha kukufunga mdomo.

Nilianza kuomba radhi. Akaniacha nimalize, kisha akaongeza jambo ambalo naamini hakulikusudia kuwa pigo. Akasema nyumbani yule msichana ndiye anayewalisha viwavi. Vizimba viko kimo cha kiti chake. Ndiye anayeyaona mayai kwanza kwenye mdimu ulio nyuma ya jikoni, ndiye anayejua kwamba kiwavi mchanga wa kipepeo wa mdimu, mwenye mabaka meusi na meupe, ukimtazama haraka utadhani ni mavi ya ndege, na kwamba akikua na kugeuka kijani, ukimgusa huchomoza pembe mbili laini kutoka nyuma ya kichwa, za rangi ya chungwa, zenye harufu kali, ili kumfukuza adui. Huwatania binamu zake kwa kuwanusisha.

Mtoto huyo ndiye niliyempa karatasi ya kipepeo apake rangi.

Katika basi lile zima hakukuwa na mwenzake, wala mwalimu wake, wala mimi, aliyejua maisha ya kipepeo kama yeye. Angeweza kuwa mwalimu wa siku ile kwa nusu saa. Nilikiona kiti nikaacha kumwona mtu, na maneno hayo nayasema kwa unyonge kwa sababu nilikuwa nimehudhuria warsha nzima kuhusu jambo hilo hilo na cheti ninacho. Nilikuwa nimesoma pia Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa. Nilidhani kinahusu benki na ofisi za serikali. Haikunijia kwamba msitu nao ni mahali.

Nilifika kwao siku nyingine kwa mwaliko wa bibi, nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kukodi basi: niliuliza. Nilikwenda na daftari nikitarajia orodha ndefu ya gharama, vijia vya mbao, viti maalumu vyenye matairi mapana kama vile nilivyoviona kwenye magazeti ya nje. Alichotaka msichana kilikuwa kidogo na kigumu. Choo anachoweza kuingia mwenyewe. Njia isiyo na mchanga. Na asibebwe. Hilo la mwisho alilirudia. Nilikuwa nimekuja na wazo hilo hasa, kwamba vijana wawili wenye nguvu wangembeba mgongoni kwa zamu, na nilikuwa nalipenda wazo langu. Alisema hataki kubebwa mbele ya wavulana wa darasa lake. Nikalifuta.

Njia ilikuwepo siku zote. Mwongoza wageni alinionyesha barabara za magari ndani ya msitu, na tulizipita polepole tukiwa na kiti kitupu, mimi nikikisukuma. Kwenye udongo mwekundu uliokanyagwa na magari kikaenda, mradi kumekauka. Baada ya mvua udongo huo huteleza na kunata, na safari inabidi iahirishwe, kwa hiyo tulizihamisha safari kutoka kwenye tarehe zilizowafaa wafadhili tukaziweka kwenye miezi ya kiangazi. Pale penye kivuli kizuri barabarani tukachagua mahali pa kukaa. Nikaona pia kwamba upande huo mwekundu, ambao niliukwepa kwa sababu haukupendeza kwenye picha, ndio makazi ya yule bundi mdogo ambaye watalii humlipia. Nilikuwa nimewapitisha watoto mbali naye mwaka mzima.

Choo tulikibomoa. Kipya kina mteremko mahali pa ngazi, mlango unaofunguka nje, nafasi ya kukigeuza kiti, na bomba la kushikia ukutani. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kukodi basi mara mbili. Kati ya yote niliyowahi kujenga pale, hicho ndicho kinachotumiwa na watu wengi zaidi: wajawazito, wazee wenye magoti mabovu, akina mama wenye mtoto mgongoni.

Somo lenyewe likabadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa hatukuweza tena kutembea mbali, tulikaa. Tunatandika mikeka kando ya njia (baada ya kukagua siafu; kosa la kutokagua hulifanya mara moja tu), wenye viti wanakaa kwenye viti vyao, na tunanyamaza robo saa. Mwanzoni watoto hucheka. Kisha msitu unarudi. Ndege wale wanaosafiri kwa makundi mchanganyiko, aina hii kwa aina ile, hupita juu ya vichwa wakiokota wadudu. Sange hutokea akichokorachokora majani kwa pua. Mwongoza wageni alitufundisha kwamba sange hujenga viota vyake vya majani alfajiri, majani yakiwa na umande, kwa sababu majani yaliyolowa hayapigi kelele na adui hasikii. Watoto waliokaa kimya wanaielewa akili hiyo mara moja. Wale niliowatembeza zamani nisingeweza kuwaeleza.

Kwa hiyo nilikuwa nimewanyima hata wale wenye miguu. Muda wote niliodhani nafundisha msitu, nilikuwa nafundisha mwendo. Nadhani niliokota picha hiyo kwenye vitabu vya shule za misituni za Denmark na Uingereza, watoto wakikimbia mvuani na kupanda miti, nikaiona ndiyo elimu yenyewe, nikasahau kwamba wazee wa kaya za Mijikenda wamefundisha watu chini ya miti karne na karne, na mwanafunzi wao alikuwa ameketi.

Makosa mengine yaliendelea. Walipokuja watoto viziwi na mkalimani wa Lugha ya Alama ya Kenya, nilifanya nilivyozoea: nikaonyesha ndege kwa kidole huku nikieleza. Mtoto akimtazama ndege haoni mikono ya mkalimani, akitazama mikono ndege ameruka. Mkalimani naye nilikuwa nimemsimamisha kivulini, mikono yake haionekani vizuri. Yeye ndiye aliyenisahihisha: asimame kwenye mwanga, aeleze kwanza, anyamaze, kisha watazame. Nilipojaribu hivyo na watoto wanaosikia, nao waliona zaidi.

Kijana mmoja asiyeona alinifunza mti wa msandarusi. Utomvu wake mgumu, ile sandarusi iliyokuwa ikiuzwa Unguja enzi za masultani kwenda kutengenezewa vanishi Ulaya, huwa tunaupita umeganda kwenye magome. Alipewa kipande, akakifikicha kwa vidole mpaka kikapata joto, akakinusa, akasema kinanukia ndimu na ubani. Tangu hapo kila mtoto hukipitisha puani kabla sijasema jina la mti.

Nina kosa la pili la kukiri, ambalo hakuna aliyewahi kunilalamikia. Kila asubuhi tulipokuwa msituni walipita akina mama wenye vibali vya kuokota kuni. Baadhi yao walisimama kusikiliza, mizigo kichwani. Mimi, nikiogopa kwamba picha zitaonyesha kuni mahali pa hifadhi, niliwaomba kwa adabu wapite. "Shikamooni akina mama, tuko na somo." Walipita. Wanawake hao wanajua kuni ipi inatoa moshi wa kuumiza macho, mzizi upi ni wa tumbo la mtoto, tunda lipi unalila mwezi gani, na walikuwa ndio mama na nyanya za watoto niliokuwa nikiwafundisha majina ya Kiingereza ya ndege. Nilipowakaribisha hatimaye, wengi hawakuja. Walikuwa na kazi, na waliona haja gani ya kufundishwa msitu wao na mtu aliyewahi kuwaambia wapite? Wachache waliokuja walikuja kwa sababu bibi wa vipepeo aliwaita. Mmoja hufundisha sasa, na tunamlipa siku yake kama tunavyomlipa mwongoza wageni. Wangapi wengine wangekuja kama ningefungua mdomo vizuri mara ya kwanza, siwezi kujua, na ni lawama yangu.

Niliwaandikia wafadhili kueleza kwamba idadi ile haikuwa sahihi na kwamba picha ya jalada ilidanganya. Walijibu kwa ukarimu kwamba ni jambo dogo. Sikubaliani nao. Tangu hapo orodha yetu ina safu mbili, ya waliofika na ya walioingia, na mwezi ambao namba hizo hazilingani tunaandika sababu.

Yule msichana hakuwahi kuingia msituni nami. Kufikia wakati choo kilipokamilika na barabara ikakauka, alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni mbali na kwao, na likizo zake zilianguka wakati wa mvua. Nilimwomba radhi kupitia bibi yake, kisha ana kwa ana. Alinijibu, "Haya," kama watoto wanavyojibu watu wazima wanapotaka mazungumzo yaishe. Sidhani nilistahili zaidi.

Wewe mwalimu, au kiongozi wa kikundi, unayepanga kuwapeleka watoto msituni muhula ujao, iwe Arabuko, Karura au kichaka cha nyuma ya shule: usianze na basi. Nenda kwanza nyumbani kwa mtoto ambaye unajua hatakuja, umuulize yeye mwenyewe kinachomzuia, na umsikilize mpaka amalize. Kisha nenda kaangalie choo.